Kata kombamoyo kwa hesabu, si kwa macho: paa la banda lisiloondoka na upepo



Leo siongelei chanjo ya kideri wala bei ya mashudu. Leo tunapanda juu ya ukuta. Naongelea mbao zile za mshazari zinazobeba bati. Wengine huziita kombamoyo, mafundi wengi wa mjini huziita rafta, na zikishaunganishwa pamoja tunapata kenchi. Najua kuna mtu ataniuliza, "Bwana shamba, haya si ya fundi?" Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo mpaka usiku mmoja wa Desemba.

Ngoja niwasimulie kwanza, halafu tuingie kwenye vipimo.

Kijana mmoja wa hapa kwetu Makutupora (ya zabibu, si ile ya kituo cha treni kule Manyoni) alipata mkopo wa kikundi akajenga banda la kuku. Upana mita 6, urefu mita 12, ukuta wa tofali mpaka kiunoni na wavu juu yake. Mimi ndiye niliyemshauri. Nilimchorea kwenye daftari: banda lielekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ndani, wavu uwe pande mbili ndefu, vyombo vya maji viwe vingapi, matandazo yawe mazito kiasi gani. Kwenye paa niliandika maneno manne tu: "Paa liwe na mwinuko."

Mwinuko wa kiasi gani? Sikuandika. Fundi akafanya alivyozoea.

Mvua ya kwanza ya maana ilikuja na upepo mkali, saa tatu usiku. Simu yangu ikalia. Sikuelewa anasema nini, nilisikia tu bati zinapigana kwa nyuma. Nilifika alfajiri. Upande wote wa mashariki wa paa ulikuwa umelala kwenye shamba la zabibu la jirani, bati zikiwa bado zimeshikana na papi zake. Vifaranga vya wiki tatu vilikuwa vimejikusanya kwenye kona moja kukwepa maji. Vya chini vilikufa kwa kukandamizwa, vya juu vilikufa kwa baridi. Tulivihesabu kimya kimya tukiviweka kwenye mfuko wa sandarusi. Vilivyobaki hai havikufika nusu.

Kijana hakulaumu mtu. Alisema tu, "Afisa, marejesho ya mkopo yanaanza mwezi wa tatu." Sikuwa na jibu.

Tulichokiona kwenye mbao

Kulipokucha vizuri nilimwita mzee mmoja fundi wa siku nyingi, amestaafu kazi, macho hayaoni sana lakini mikono bado inaona. Baada ya shikamoo akaomba aletewe mbao moja ya paa lililoanguka. Akaipitisha kidole kwenye ncha iliyokatwa. Akasema, "Hii imekatwa kwa paa la nyumba ya kuishi."

Alikuwa sahihi. Fundi wetu alizoea nyumba zenye paa la kusimama, kama nyuzi 30. Alikuwa na kipande chake cha mfano alichokuwa akikipachika kila anapokwenda, anachora, anakata. Lakini banda letu lilikuwa limeinuka sentimita 80 tu katikati, kwa nusu upana ya mita 3. Hiyo ni nyuzi kama 15. Mbao iliyokatwa nyuzi 30 imewekwa kwenye paa la nyuzi 15. Matokeo yake, pale kileleni mbao mbili zilikuwa zinagusana kwa juu tu. Kwa chini palikuwa na pengo la vidole vitatu, na pengo hilo walilijaza kwa vipande vya mbao. Misumari ikapigwa kwenye vipande hivyo.

Na pale chini, kombamoyo linapokalia ukuta, hapakuwa na kata yoyote. Mbao ilikuwa imekalia ukingo wa mbao ya ukutani kwa mstari mwembamba kama kisu, ikashikwa na msumari mmoja uliopigwa upande.

Yaani lile paa lilikuwa limeshikwa na misumari, halikushikwa na mbao. Msumari kazi yake ni kuzuia mbao isihame. Uzito na nguvu vinatakiwa vipite mbao kwa mbao. Zikikutana uso kwa uso, nguvu zinapita. Zikigusana kwa ncha, kila upepo unapotikisa, msumari unalegea kidogo. Siku ya upepo mkubwa inamalizia tu kazi iliyoanza zamani.

Kwa nini bati linataka mwinuko

Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe, paa lake karibu tambarare, miti imelazwa, matawi juu, kisha udongo mzito. Lilifaa kwa mvua zetu chache, lilikuwa na ubaridi ndani, na juu yake mtu alianika nafaka. Upepo haukuliondoa kwa sababu udongo wenyewe ulikuwa mzito.

Bati ni kinyume cha tembe. Ni jepesi, na maji hupita pale linapopandana na jenzake. Kwa hiyo linataka mambo mawili: mwinuko wa kutosha kuyakimbiza maji, na mshiko wa kutosha lisipae.

Mwinuko ukiwa mdogo sana, chini ya nyuzi 10, upepo unayasukuma maji yapande kurudi nyuma kwenye mapandano, na banda linavuja hata kama bati ni jipya. Tena paa la kulala sana linanyonywa juu na upepo. Upepo ukipita juu yake unalivuta, na ule unaoingia kupitia kwenye wavu unalisukuma kutoka ndani. Banda la kuku lina wavu pande zote, kwa hiyo linasukumwa kuliko nyumba ya kulala. Mwinuko ukiwa mkubwa mno nao, unakula mbao na bati, na ukuta wa pembeni unakuwa mrefu unaopigwa na upepo.

Kwa mabanda yetu napendekeza moja kwa tatu. Maana yake kila ukienda sentimita 30 kwa mlalo, unapanda sentimita 10. Hiyo ni nyuzi 18 na ushee. Inamwaga maji vizuri, haili mbao, na hesabu yake hata kichwani inawezekana.

Maneno manne ya kuelewa kwanza

Usikimbilie msumeno. Elewa haya manne, mengine yote yanatoka humo.

*Nusu upana.* Pima upana wa banda kutoka nje ya mbao ya ukutani upande mmoja mpaka nje ya ile ya upande wa pili. Gawa kwa mbili. Huu ndio mwendo wa mlalo wa kombamoyo moja. Usipime ndani ya ukuta, hapo ndipo wengi wanaharibu.

*Kimo.* Ni kiasi gani paa linapanda kutoka ukutani hadi kileleni. Kwa moja kwa tatu, chukua nusu upana ugawe kwa tatu.

*Urefu wa mshazari.* Huu ndio urefu wa kombamoyo lenyewe. Ni ile hesabu ya pembetatu mraba tuliyosoma sekondari: nusu upana mara yenyewe, jumlisha kimo mara chenyewe, kisha tafuta kipeo cha pili. Simu yako ina kikokotoo, laza simu kwa upande utaona alama ya kipeo.

*Mchirizi.* Sehemu ya kombamoyo inayotoka nje ya ukuta kukinga mvua. Kwa banda lenye wavu usikubali chini ya sentimita 60. Wengi wanabana hapa kuokoa mbao, halafu matandazo yanalowa, amonia inapanda, kuku wanaumwa mafua, mnanipigia simu niwaletee dawa. Dawa ilikuwa mchirizi.

Kwa wanaotaka njia ya mkato, zidisha mwendo wa mlalo kwa namba hizi utapata urefu wa mshazari moja kwa moja:

- Moja kwa tano (nyuzi 11.3): zidisha kwa 1.020
- Moja kwa nne (nyuzi 14): zidisha kwa 1.031
- Moja kwa tatu (nyuzi 18.4): zidisha kwa 1.054
- Moja kwa mbili na nusu (nyuzi 21.8): zidisha kwa 1.077
- Moja kwa mbili (nyuzi 26.6): zidisha kwa 1.118

Anza na mbao, ndipo upange upana wa banda

Hapa pana siri ambayo mimi niliijua nimechelewa. Mbao nyingi zinazoletwa hapa Dodoma, za mpaini kutoka Mafinga na kwingineko, ni za futi 12, yaani sentimita 365 hivi. Sasa angalia lile banda la mita 6. Nusu upana mita 3, mchirizi sentimita 60, jumla mita 3.6 za mlalo. Zidisha kwa 1.054. Unapata mita 3.79. Mbao ya futi 12 haifiki! Fundi ana njia mbili: aunge mbao, au akupunguzie mchirizi bila kukuambia. Wengi wanachagua ya pili.

Ukipunguza upana wa banda hadi mita 5.4 mambo yanakaa sawa. Nusu upana ni mita 2.7. Mchirizi weka sentimita 65. Jumla mita 3.35 za mlalo, mara 1.054, unapata mita 3.53. Ongeza kama sentimita 3 na nusu zinazoliwa na ukataji wa mshazari kwenye ncha, unakuwa kama mita 3.57. Mbao ya futi 12 inatosha na inabaki kidogo, bila kuunga. Na bati la futi 12 linafunika kutoka kileleni hadi nje ya mchirizi kwa kipande kimoja, bila mapandano katikati, na linatokeza kidogo nje kumwaga maji. Viwanda vingi siku hizi vinakukatia bati kwa urefu unaoutaka, kwa hiyo uliza kabla hujakubali za futi 10.

Umepoteza nini? Banda la mita 5.4 kwa 12 lina karibu mita za mraba 65. Kwa kuku wa mayai watano kila mita ya mraba, hao ni zaidi ya 320. Ukitaka zaidi, ongeza urefu wa banda, usiongeze upana. Banda jembamba tena linapitisha hewa vizuri.

Ukienda dukani nenda na futi yako. Pima kila mbao. Angalia pia kama imepinda au imelowa. Mbao mbichi ikikauka juu ya paa inasinyaa na kujikunja, na kata uliyoipiga vizuri inafunguka yenyewe. Na usisahau dawa ya mchwa, mchwa wa huku mnawajua.

Hakikisha kuta kabla ya kupima mbao

Kombamoyo zuri haliwezi kukaa kwenye ukuta mbovu. Pima pembe hadi pembe, mshazari wa banda zima, mara mbili. Kwa banda la mita 5.4 kwa 12, kila mshazari unatakiwa kuwa mita 13.16. Mshazari mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, banda limekaa kombo. Pima pia upana mwanzo, katikati na mwisho. Weka pima maji au mpira wa maji juu ya mbao za ukutani uone kama zimelingana. Tofauti rekebisha kwenye ukuta na saruji, usirekebishe kwa kukata kila kombamoyo kivyake.

Hatua kwa hatua: kombamoyo la kwanza

Unahitaji futi, skwea (ile bapa ya chuma yenye mkono mrefu na mfupi), penseli iliyochongwa, msumeno mkali, na mbao moja iliyonyooka kuliko zote. Hiyo moja itakuwa mama wa zote.

1. Laza mbao, chagua mgongo. Tazama mbao kwa urefu wake kama unayelenga. Kama ina mpindo kidogo, upande uliotuna uwe juu. Uzito wa bati utaushusha.

2. Kata ya kileleni. Weka skwea kwenye mbao karibu na mwisho wake. Kwenye ukingo wa juu wa mbao, mkono mrefu usome sentimita 30 na mkono mfupi usome sentimita 10. Zote mbili ziguse ukingo huo huo. Ukiwa umeishika hivyo, chora mstari kufuata mkono mfupi. Huo ni mstari wa timazi, yaani kombamoyo likishapanda juu, mstari huo utasimama wima kabisa. Mstari wa kufuata mkono mrefu ndio mlalo. Ukikumbuka hilo tu, mfupi wima, mrefu mlalo, umeshafaulu nusu ya kazi.

Kama kileleni kutakuwa na mbao ya katikati ambayo makombamoyo ya pande mbili yataegemea, toa nusu ya unene wake. Mbao ya sentimita 5, toa 2.5, ukipima kwa mlalo kutoka kwenye mstari wa timazi. Mbao zikikutana zenyewe uso kwa uso, usitoe kitu.

3. Pima mpaka ukutani. Kutoka kwenye mstari wa kileleni (ule wa kwanza, kabla hujatoa nusu ya unene), fuata ukingo wa juu wa mbao. Nusu upana mita 2.7 mara 1.054 ni sentimita 284.6. Weka alama. Hapo chora mstari mwingine wa timazi kwa skwea, 30 na 10 kama mwanzo. Mstari huu ndio utakaosimama sawa na uso wa nje wa mbao ya ukutani.

Yule mzee hakutumia kikokotoo. Aliigeuza skwea kwenye ukingo wa mbao hatua kwa hatua, 30 na 10, 30 na 10, mara tisa, kwa sababu mita 2.7 ni sentimita 30 mara tisa. Nikapima kwa futi alipoishia: 284 na nusu. Alicheka akaniambia, "Shule yako na skwea yangu zimekutana." Ukitumia njia zote mbili, moja inaihakiki nyingine.

4. Kikalio. Hapa ndipo kombamoyo linapokaa juu ya mbao ya ukutani. Kwenye ule mstari wa timazi wa ukutani, kuelekea ndani, chora mstari wa mlalo (mkono mrefu) kutoka kwenye ukingo wa chini wa mbao mpaka ukutane na mstari wa timazi. Unapata pembetatu ndogo. Ndiyo unayoitoa. Kina chake, kikipimwa kutoka ukingo wa chini kuingia ndani ya mbao, kisizidi theluthi moja ya upana wa mbao. Kwa mbao ya mbili kwa nne, isizidi sentimita 3. Ukizidisha, umeikata mbao mahali inapobeba uzito, na mchirizi utavunjika kuanzia hapo. Kwa mwinuko wa moja kwa tatu, kina cha sentimita 3 kinakupa kikalio cha karibu sentimita 9 na nusu, karibu upana wote wa mbao ya ukutani. Ndiyo maana naupenda mwinuko huu.

5. Mchirizi. Kutoka mstari wa timazi wa ukutani, endelea ukingo wa juu sentimita 68.5 (hizo ni 65 mara 1.054). Chora timazi ya mwisho. Ukikata hapo, mbao ya kufunika ncha itasimama wima, na mfereji wa maji ukiuweka utakaa sawa.

6. Kata, lakini kata mbili tu. Kata kombamoyo la kwanza, litumie kuchora la pili. Pandisha haya mawili juu ya ukuta, mwanzo wa banda. Usikate la tatu.

Jaribio la mbao mbili

Haya mawili yatakuambia ukweli wote.

Angalia kileleni. Nyuso zikikutana zote, kuanzia juu hadi chini, nenda kakate nyingine zote kwa mfano wa mama yao. Kama zinagusana juu na pengo liko chini, umekata nyuzi nyingi kuliko mwinuko wa paa, ndiyo ajali ya kijana wetu. Kama zinagusana chini na pengo liko juu, umekata nyuzi chache mno. Usijaze pengo kwa kipande cha mbao. Rudi kwenye skwea.

Angalia kikalio. Kisipolala chote juu ya mbao ya ukutani, ama kata si sahihi, ama kuta zimeachana. Pima upana tena.

Weka simu yako juu ya kombamoyo na programu ya kupima nyuzi. Isome kama 18. Ikisoma 15 au 22, kuna kipimo kimehama.

Kukata mbao mbili vibaya ni hasara ya mbao mbili. Banda hili lenye kenchi kila mita 1.2 linataka kenchi 11, yaani makombamoyo 22. Fundi akizikata zote chini kwa mpigo kabla ya jaribio, na zikawa fupi kwa sentimita 4, umenunua mbao 22 upya. Mbao ndefu inapunguzwa. Fupi haiongezeki. Na kila mara chora kwa kutumia ile mama. Ukichora la tatu kwa la pili, la nne kwa la tatu, unene wa mstari wa penseli unajumlishana, la mwisho linakuwa jingine kabisa.

Kombamoyo zuri bado linataka kufungwa

Kata sahihi inabeba uzito unaoshuka. Upepo unapandisha. Kwa hiyo:

- Kila kenchi iwe na mbao ya chini inayofunga upande mmoja na mwingine. Bila hiyo makombamoyo yanasukuma kuta nje taratibu. Ukiunga mbao hiyo, muungo upate mbao za kuubana pande zote mbili.
- Mbao ya ukutani ifungwe kwenye ukuta kwa vyuma au waya mnene vilivyozikwa kwenye zege wakati wa kujenga. Usisubiri ukuta ukauke ndiyo ukumbuke.
- Kila kombamoyo lifungwe kwenye mbao ya ukutani kwa mkanda wa chuma unaopita juu yake, na si msumari wa upande peke yake.
- Weka mbao za mshazari kutoka kenchi moja hadi nyingine, hasa upande wa mashariki. Upepo wetu mkubwa hutoka mashariki na kusini-mashariki, na kwa kuwa banda limeelekea huko, unapiga kwenye ukuta mfupi. Ukuta huo uzibe kwa tofali mpaka juu.
- Papi ziwe safu tano kila upande, kila sentimita 88 hivi. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanapopita. Kwenye mchirizi na kileleni piga kwa kukaribiana zaidi, maana bati huanza kuchomoka pembeni.

Ongea na fundi kabla ya kumpa malipo ya awali

Simwambii mtu amdharau fundi. Mafundi wetu wengi wanajua kazi. Tatizo ni sisi tunaowaambia "paa liwe na mwinuko" halafu tunaondoka. Nenda kwake na karatasi yenye namba tano: nusu upana, kimo, urefu mpaka ukutani, mchirizi, na mwinuko wa skwea, 30 kwa 10. Mwambie, "Fundi, naomba kwanza unikatie mbili tuzijaribu." Fundi mzuri atafurahi. Akikasirika kwa sababu mteja ana futi, hilo nalo ni jibu.

Yule kijana alijenga upya. Kuta zilikuwa zimeshajengwa mita 6, hatukuweza kuzisogeza, kwa hiyo tulitafuta mbao za futi 14 kwa ajili ya makombamoyo, ikabidi azisubiri. Tulipima mimi na yeye, fundi akiwa yule yule wa mwanzo, na mzee amekaa kwenye kiti chini ya mti anaamrisha. Mbao mbili za kwanza zilipopanda, kijana akaingiza wembe kileleni kujaribu kama utapita. Haukupita. Fundi akauchukua ule wembe naye akajaribu. Kisha akaenda kwenye mfuko wake wa vifaa, akatoa kile kipande chake cha mfano cha nyuzi 30, akakiandika kwa penseli: "Nyumba tu."

Mkopo bado anaulipa, na amechelewa. Kuku aliowaingiza baadaye wameanza kutaga. Mimi daftari langu la ushauri sasa lina ukurasa mzima wa paa, na kila ninapomchorea mtu banda, naandika namba, siandiki maneno.

Anayejenga kabla ya mvua zijazo anipigie picha kombamoyo mbili za kwanza zikiwa juu, kabla hajakata la tatu. Nitaziangalia. Tukutane shambani.